Guruneti Ilimharibia Mkono wa Kulenga, Akatumia Ule Mwingine Kushinda Dhahabu Mbili za Olimpiki

Chukua kalamu, uishike na ule mkono huandikangi nao, halafu uandike jina lako. Imetoka aje? Kama mwandiko wa mtoto wa PP1, si ndio? Sasa toa kalamu uweke bastola, panga tageti tano mita 25 mbele yako, na upewe sekunde nne tu uzipige zote. Hiyo ndiyo kazi Károly Takács alijifunza upya akiwa mtu mzima wa miaka 28. Wasee wengi hapa Kenya hawamjui, lakini kwa watu wa kulenga shabaha huyu buda ni legendi.

Sajini hakuwa na cheo cha kutosha

Takács alizaliwa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, Januari 21, 1910. Alikuwa mwanajeshi, na mkono wake wa kulia ulikuwa moto. Kufika 1936 alikuwa kati ya walenga shabaha wakali kabisa wa bastola duniani. Olimpiki za mwaka huo zilikuwa Berlin, Ujerumani, na kila kitu kilionyesha kwamba ataenda.

Hakuenda. Sababu? Alikuwa sajini tu. Nafasi za jeshi kwenye timu zilikuwa za maofisa, wale wa nyota mabegani. Hakuna mtu aliuliza nani anapiga vizuri zaidi, waliangalia cheo kwanza. Sisi ambao tuliachia chuo katikati tunaijua hiyo hali vizuri. Unaweza kuwa unaijua kazi kuliko wote, lakini mlangoni unaulizwa karatasi.

Baadaye hiyo sheria iliondolewa. Takács akaanza kuangalia Olimpiki za 1940, ambazo zilikuwa zimepangwa kufanyika Tokyo, Japani. Alikuwa na miaka minne ya kujipanga.

1938, siku mambo yalienda segemnege

Wakiwa kwenye mazoezi ya jeshi mwaka wa 1938, guruneti mbovu ililipuka ikiwa mkononi mwake. Mkono wa kulia, ule ule wa kulenga, ukaharibika kabisa. Akalazwa hospitali karibu mwezi mzima.

Mtu yeyote angesema hapo ndio mwisho. Takács alitoka hospitali akaanza kufanya mazoezi na mkono wa kushoto, kimyakimya. Hakutangazia mtu. Ukifikiria vizuri utaona sababu: ukishindwa kwa siri, hakuna wa kukuonea huruma.

Masika ya 1939 akatokea kwenye mashindano ya ubingwa wa bastola ya Hungaria. Stori inayosimuliwa ni kwamba wenzake walimkaribisha wakimpa pole, wakidhani amekuja kuwatazama wakipiga. Akawaambia amekuja kushindana nao. Siku iliisha yeye akiwa bingwa wa taifa. Mwaka huo huo akawa kwenye timu ya Hungaria iliyoshinda ubingwa wa dunia wa bastola ya mita 25 kule Lucerne, Uswisi.

Ngoja, si angenunua tu bastola ya mkono wa kushoto?

Najua kuna msee anafikiria hivyo, kwa hivyo wacha tuangalie mambo ya vifaa kidogo. Huu mchezo uko na vifaa vya kuongeza na kubadilisha kushinda nduthi ya msee wa Umoja.

Kwanza, sheria. Kwenye mchezo wa Takács, bastola ya mita 25 ya kupiga haraka, unashika kwa mkono mmoja tu, mkono umenyooshwa, hakuna kuegemea popote. Tageti ni tano, kila moja inapata risasi moja. Raundi za kwanza unapewa sekunde nane, halafu sita, halafu nne. Kwa jumla ni risasi 60, na ukipiga zote katikati unapata pointi 600. Kwa hivyo mkono mmoja ulitosha kisheria. Shida ni kwamba aliyebaki nao ulikuwa ule usiojua kitu.

Pili, mpini. Bastola ya mashindano haina mpini wa kawaida. Ni kipande cha mbao kilichochongwa kufuata kiganja: kuna mahali pa kidole gumba kupumzika, na chini kuna kirafu kidogo cha kubeba mkono. Wapigaji wanaukwaruza na tupa hapa, wanaongeza pati pale, mpaka bastola ikae mkononi vile vile kila wakati wanapoishika. Mpini wa mkono wa kulia ukiuweka kushoto ni kama kuvaa kiatu cha mguu wa kulia kwa mguu wa kushoto. Hata ganda la risasi kwa bastola nyingi hutokea upande wa kulia, kwa hivyo wa mkono wa kushoto analiona likimpita mbele ya uso.

Tatu, triga. Kwa sheria za leo za mchezo huu, lazima ibebe angalau gramu 1,000 kabla iachilie, na bastola nzima isizidi gramu 1,400. Ndani ya hiyo mipaka wasee wanacheza na springi na vyuma vya kuongeza uzito mbele ya mtutu, ili bastola isirukeruke.

Nne, risasi. Hapa ndio watu wengi hudanganyika, wakidhani yenye nguvu ndiyo poa. Apana. Tageti ni ya karatasi, haihitaji nguvu. Kwenye mchezo huu wanatumia risasi ndogo za kaliba ya .22, na kwa miaka mingi, mpaka baada ya Athens 2004, wengi walikuwa wanapiga ile fupi kabisa ya .22. Inarusha mkono kidogo tu, kwa hivyo unarudi kwa tageti inayofuata mbio. Lakini ikiwa dhaifu sana, haiwezi kusukuma bastola ijipakie yenyewe, na unakwama katikati ya sekunde nne zako. Ndiyo maana risasi na springi lazima zielewane. Wale serious hata hufunga bastola kwenye jiliwa na kujaribu risasi za pakiti tofauti, kwa sababu hata kampuni moja ikitengeneza awamu mbili, moja inaweza kukubaliana na mtutu wako na nyingine ikatae.

Sasa skiza. Hivyo vyote vinafanya kitu kimoja: vinaleta bastola karibu na mkono wako. Hakuna hata kimoja kinachofunza mkono. Mpini mzuri zaidi duniani hauwezi kumwambia kidole cha kushoto kivute triga pole bila kutingisha mtutu. Hiyo ni kurudia tu, siku baada ya siku. Mkono wa kulia wa Takács ulikuwa umeijua hiyo kazi kwa miaka. Wa kushoto ulianza na sufuri, na hakuna duka la kuuza hiyo.

Vita ikala miaka yake

Amerudi, ako fiti, na Olimpiki za 1940 zinakuja. Halafu Vita ya Pili ya Dunia ikaanza. Za 1940 zikafutwa. Za 1944 pia zikafutwa. Kutoka 1936 walipomnyima nafasi mpaka Olimpiki zirudi, ilipita miaka 12. Kwa mwanaspoti huo ni umri mzima.

London, 1948. Takács ako na miaka 38. Anayeogopwa ni Carlos Enrique Díaz Sáenz Valiente wa Argentina, bingwa wa dunia. Inasemekana huyo Muajentina alimuuliza Takács amekuja kufanya nini London, na Takács akajibu kwamba amekuja kujifunza. Gemu ikaanza. Takács akapiga pointi 580, rekodi mpya ya dunia. Valiente akamaliza wa pili na 571. Wanasema baadaye Valiente alimpongeza na kumwambia kwamba sasa amejifunza vya kutosha.

Helsinki, Ufini, 1952, akarudi tena akiwa na miaka 42. Safari hii aliyemsumbua alikuwa Mhungaria mwenzake, Szilárd Kun, dogo wa miaka 17. Kumbe Takács pia alikuwa kocha, na Kun alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Mwalimu akapata 579, mwanafunzi 578. Pointi moja! Takács akawa mtu wa kwanza kushinda dhahabu ya huo mchezo mara mbili.

Akaenda tena Melbourne, Australia, 1956, zile Olimpiki ambazo Kenya ilishiriki kwa mara ya kwanza kabisa. Alikuwa na miaka 46 na akamaliza nambari nane. Hata hapo hakuweka bastola chini, kwa sababu 1958 alitoka na shaba kwenye mashindano ya dunia kule Moscow.

Alivyomaliza

Kwao Hungaria alikuwa bingwa wa taifa mara 35. Na unakumbuka ile stori ya cheo? Sajini aliyekosa Berlin kwa sababu hakuwa ofisa alistaafu akiwa luteni kanali. Alifariki Januari 5, 1976, wiki mbili hivi kabla afikishe miaka 66.

Kwa hivyo wewe unayengoja upate simu kali ndio uanze kushuti video, ama kamera mpya, ama nduthi yako mwenyewe, hakuna ubaya kutaka vifaa vizuri. Hata Takács hangeshinda na mpini mbaya na risasi zinazokwama. Lakini angalia mpangilio wake. Masika ya 1939 watu walipoona mkono wa kushoto ukipiga, kazi ilikuwa imefanyika miezi kadhaa kabla, mahali hakuna mtu alikuwa anatazama. Wewe unaweza kuanza yako leo jioni.