Padri De Smet na Wawindaji wa Milima ya Theluji

Ninyi mwawajua Mapadri waliotoka Ubelgiji kuja nchi ya Kongo. Kabla yao Mbelgiji mwingine alivuka bahari akielekea magharibi, akafika Amerika. Jina lake Pierre-Jean De Smet, mzaliwa wa mji wa Dendermonde, aliyezaliwa tarehe 30 Januari 1801. Mwaka 1821 aliondoka kwao pasipo kumwaga baba yake, maana aliogopa kuzuiwa. Huko ng'ambo akaingia Shirika la Yezu, na mwaka 1827 akapewa Upadri.

Kabila la Wasalish, wakaao katika Milima ya Mawe, walikuwa wametuma wajumbe mara nne kuomba Padri, na wajumbe wengine waliuawa njiani. Mwaka 1841 Padri De Smet na wenzake wakawajengea misioni ya Maria Mtakatifu. Lakini Wasalish walikuwa na adui zao wa siku nyingi, Watu wa Miguu Myeusi. Padri akaona kwamba misioni haitakaa salama pasipo amani. Kwa hiyo mwaka 1845 aliivuka milima kuwatafuta adui hao, akaonana na wachache wao tu. Wakati wa baridi ukamkuta mbali sana na watu wake, akalazimika kukaa katika Fort Edmonton, nchi ya Kanada, boma la wafanya biashara ya ngozi.

Mwezi wa Machi 1846 akaanza safari ya kurudi, kwa magari yasiyo na magurudumu yavutwayo na mbwa juu ya theluji, mpaka kituo kidogo kiitwacho Jasper House, chini ya milima mirefu. Theluji ni nini? Wenye kukaa karibu na Ruwenzori huiona kwa mbali, nyeupe kileleni. Huko ilijaa mabondeni pia, na mito iligeuka barafu hata mtu akaweza kutembea juu yake.

Katika kituo kile chakula kilikuwa kimepungua. Baridi ilikuwa inakaribia mwisho, na huo ndio wakati wa njaa katika nchi zile, kwa sababu akiba imekwisha na majani hayajaota. Basi watu wote wakahama pamoja, wake kwa waume na watoto, wakaenda kupiga kambi penye mawindo na samaki. Walikuwa watu 54 na mbwa 20. Kati yao alikuwako mzee mmoja wa kabila la Wairokwa, aliyekuwa ameiacha nchi yake tangu zaidi ya miaka arobaini, pamoja na watoto na wajukuu zake.

Mnyama waliyemtamani kuliko wote ni ayala mkubwa ajabu, mrefu kuliko farasi. Wakanada wasemao Kifaransa humwita orinyali. Kumwinda mwishoni mwa baridi kwataka matayarisho. Kwanza ni viatu vya theluji: mti mwembamba hupindwa kama ungo mrefu, na katikati husukwa kamba za ngozi mbichi, ili mguu usizame. Pili ni kujua saa. Mchana jua huilainisha theluji, na usiku baridi huigandisha tena, hata juu yake hufanyika gamba gumu. Asubuhi na mapema mwindaji na mbwa wake hupita juu ya gamba hilo, lakini orinyali kwa uzito wake hulivunja, huzama na kuchoka. Mwindaji mvivu aamkaye jua likiwa juu huzama yeye mwenyewe. Nyama isiyoliwa hukaushwa, na pengine hutwangwa na kuchanganywa na mafuta, ikawa chakula cha safari kisichoharibika upesi.

Kwa muda wa siku 26 watu wale walipata orinyali 12, kondoo wa mwitu 30 wenye pembe zilizojikunja, sungura 210 na bata 115, pamoja na samaki 30 hata 55 kila siku. Hesabu hii yaonekana kubwa. Lakini igawanyeni kwa vinywa 54, na mbwa wale 20, mtaona kwamba hakuna aliyenenepa.

Padri De Smet alikula kidogo kuliko wote, naye kwa shauri lake mwenyewe. Alikuwa mtu mnene sana. Marafiki zake walimwambia waziwazi kwamba kwa mwili ule hataweza kuvuka mlima kwa viatu vya theluji. Walisema kweli. Angechoka njiani wangembebaje? Na wangemwacha, angekufa usiku uleule. Wengine walimshauri asiende. Lakini wenzake ng'ambo ya milima walimngoja. Basi akafunga siku 30, katikati ya harufu ya nyama ikichomwa. Sababu yake haikuwa toba. Ilikuwa uzito wa mwili tu. Siku hizo aliwafundisha watu, akawabatiza na kubariki ndoa zao.

Tarehe 25 Aprili aliwaaga. Wawindaji wakapiga bunduki kuuelekea mlima mmoja mrefu, wakapaza sauti mara tatu, wakauita kwa jina lake. Hata leo waitwa Roche de Smet.

Kisha zikaja siku za mateso. Walilala juu ya theluji yenyewe: walitandika magogo mabichi, moto ukawashwa juu yake, na matawi ya misonobari yakawa kitanda. Juu kabisa kipo kiziwa kidogo ambacho maji yake hushuka pande mbili, mengine kwenda bahari ya kaskazini, mengine bahari ya magharibi. Padri alianguka mara nyingi, akainuka, akafuata nyayo za msafara uliokuwa umetoka upande wa pili. Huko bondeni iliwapasa kuuvuka mto uleule wa maji ya barafu yapata mara arobaini, wakishikana mikono wasichukuliwe na maji. Miguu yake ikavimba, na kucha zake zikang'oka.

Lakini alifika kwa miguu yake mwenyewe, wala hakubebwa na mtu. Kwenye mto Columbia alipanda mashua, akashuka hadi Fort Colville, na mwaka uleule akawaona tena Wasalish wake. Safari nyingine nyingi alizifanya baadaye. Mwaka 1868, akiwa mzee wa miaka 67, aliingia katika kambi ya Sitting Bull kutafuta amani. Alikufa St. Louis tarehe 23 Mei 1873, na watu wa Dendermonde wakamsimamishia sanamu mjini kwao.