Siti binti Saad: Sifa Ilianzia Ng'ambo, Santuri Ikafuata

Imekuwa desturi, kila anapotajwa Siti binti Saad, simulizi kuanzia Bombay. Tunaelezwa jinsi alivyopanda meli mwaka 1928 akaenda India kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, na jinsi santuri hizo zilivyolieneza jina lake katika pwani nzima ya Afrika Mashariki. Hayo ni kweli tupu. Hata hivyo, naona kwamba mwenye kuanzia Bombay huianza hadithi mwishoni. Kufikia mwaka huo Siti alikuwa akikaribia umri wa miaka 50, na alikuwa ameimba mbele ya watu mjini Unguja kwa miaka mingi. Kampuni haikumjenga bali ilimkuta amekwisha kujengeka.

Nalileta jambo hili kwa sababu nawasikia vijana wengi wa muziki, wakiwemo baadhi ya wanafunzi ninaowafundisha isimu, wakiamini kwamba msanii hurekodi kwanza, akausambaza wimbo wake redioni na mtandaoni, kisha akaketi kungoja hadhira ije. Kuimba harusini au katika ukumbi mdogo wa mtaani wanakuona ni kazi ya aliyeshindwa. Maisha ya Siti yanasema vinginevyo, na yafaa tuyatazame kwa mpangilio wake halisi.

Alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, karibu na mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa, na jina hilo pekee latosha kutuonyesha nafasi ambayo jamii ya wakati ule ilimtengea. Utumwa Unguja haukupigwa marufuku kisheria hadi mwaka 1897, na hata baada ya hapo unyonge wa waliokuwa watumwa na wazao wao haukuondoka kwa mpigo wa kalamu. Hakupata elimu utotoni. Alichorithi ni ufinyanzi, kazi ya wanawake wa kijiji chake, na desturi ya kwenda mjini kwa miguu akiwa na vyungu kichwani. Husimuliwa kwamba alivinadi vyungu hivyo kwa sauti iliyowafanya watu wamtambue kabla hajaonekana. Huko, kwa maoni yangu, ndiko alikopata mafunzo yake ya kwanza ya kuimba mbele ya hadhira. Mchuuzi asiyesikika hauzi, na mnunuzi asiyevutiwa hatoki nje ya mlango.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Alikutana na Ali Muhsin, mwanamuziki aliyekubali kumfundisha taarab. Msomaji akumbuke taarab ilikuwa kitu gani wakati huo. Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeleta muziki huo kutoka Misri na kumpeleka Mzanzibari mmoja Cairo kuusomea. Ulikuwa muziki wa kasri na wa mabwana, ukiimbwa kwa Kiarabu. Hata Nadi Ikhwan Safaa, chama kilichoundwa mwaka 1905, kilikuwa chama cha wanaume. Mwanamke mwenye ngozi nyeusi, mzaliwa wa shamba, ambaye jana alikuwa akiuza vyungu, hakuwa na pa kuingilia.

Akaingilia Ng'ambo. Waliowahi kufika Unguja wanajua kwamba Ng'ambo ni upande wa pili wa hori lililoutenga na Mji Mkongwe, hori ambalo baadaye lilifukiwa. Huko waliishi wachukuzi, mafundi, wavuvi, wafanyakazi wa nyumbani, na wengi waliokuwa watumwa au watoto wa watumwa. Siti alishikamana na wanamuziki wenzake, miongoni mwao Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mbaruku na Mwalimu Shaaban, na nyumba yake ikawa mahali pa kukutania jioni. Palipigwa ala, palitungwa nyimbo, na majirani walikuja kusikiliza. Kundi lake halikufanya mazoezi faraghani kisha likatokea hadharani siku ya tamasha. Majirani walikuwapo wakati wimbo ungali unatafuta umbo lake.

Hapa ndipo ninapotaka kukawia kidogo, maana ndipo taaluma yangu inaponigusa. Siti alijua kuimba kwa Kiarabu, na alijifunza hata nyimbo za Kihindi, kwa kuwa alialikwa katika nyumba za matajiri na katika kasri ya Sultani Khalifa bin Harub. Lakini Ng'ambo walizungumza Kiswahili, na Kiarabu cha qasida za kasri wengi hawakukielewa. Msanii anayeimba mbele ya watu wasioelewa maneno yake huliona hilo papo hapo katika nyuso zao. Ukiimba kwa Kiswahili, na hasa ukiimba jambo lililotokea mtaani juzi, macho hubadilika. Wapo wanaolieleza badiliko hilo la lugha kana kwamba lilikuwa uamuzi wa kitaifa wa kukitukuza Kiswahili. Mimi nadhani lilianza kwa sababu nyepesi zaidi, na yenye nguvu zaidi: waliokuwa wameketi mbele yake walikuwa Waswahili.

Nyimbo zake zikawa kama baraza. Ziligusa wenye mali waliojiona hawaguswi na sheria, mapenzi na khiana, na mahakama zilizompendelea mwanamume. Wimbo wake kuhusu Kijiti ni maarufu hadi leo. Unasimulia habari ya mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa na mwanamume wa jina hilo. Muuaji akavuka bahari akatoroka, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa wameandamana na marehemu. Wasikilizaji hawakuhitaji kufafanuliwa kisa hicho, kwani walikijua. Walichopata kwa Siti ni hukumu nyingine, iliyotolewa mbele ya umma wa mtaani. Na tusisahau kwamba mwaka 1928, mwaka ule ule wa safari ya Bombay, wakazi wa Ng'ambo walikuwa katika mgomo wa kukataa kulipa kodi ya ardhi walikojenga nyumba zao. Hadhira ya Siti ilikuwa ya watu wenye dukuduku lao.

Kutoka Ng'ambo alialikwa harusini, na harusi ndizo zilizomlisha. Desturi ya taarab ni mwimbaji kutunzwa: msikilizaji aliyeguswa na ubeti husimama akatoa fedha mbele ya watu wote. Ni mizani kali. Hakuna mwenye hadhira kubwa isiyoonekana, na hakuna anayeweza kujidanganya kuhusu wimbo usiopendwa. Nawaomba wasanii wa Nairobi, Kisumu na Mombasa wanaoona haya kupiga muziki katika harusi za mitaani wakitafakari kitendo hicho cha kutunzwa. Fedha inayotolewa pale inaambatana na habari: ubeti upi umemgusa nani, na kwa nini. Takwimu za wasikilizaji wa mtandaoni, hata zikiwa kubwa, haziwezi kumweleza msanii hayo.

Sifa haikuja bila matusi. Wivu ulipozidi, ulitungwa wimbo wa kumdhihaki kwa asili yake ya kimaskini na kwa sura yake. Naye akajibu kwa wimbo, akishikilia kwamba thamani ya mtu iko katika akili na mwenendo. Majibizano hayo yalikuwa hadharani, na Unguja nzima iliyafuata. Hata jina alilojulikana nalo lilikuwa jibu. Siti ni neno la Kiarabu lenye maana ya bibi mwenye heshima, na lilichukua mahali pa Mtumwa. Sidhani kama kuna mfano mwingine katika historia ya fasihi yetu ambapo safari ya mtu mzima imebebwa na majina yake mawili kwa uwazi kiasi hicho.

Sasa yaweza kueleweka kwa nini kampuni ya santuri ilimtaka. Wafanyabiashara wale walitaka kuuza gramafoni na sahani zake kwa Waafrika wa pwani, nao walihitaji sauti ambayo watu tayari walikuwa wakiilipia. Wakampeleka Siti na wenzake Bombay, na santuri zikauzwa kwa maelfu. Zilivuka bahari zikafika Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, zikaingia bara. Nyimbo za barazani pa Ng'ambo zikasikika katika mahoteli ya chai na nyumba za watu ambao hawakuwahi kukanyaga Unguja.

Yafaa niongeze jambo ambalo wanaisimu wenzangu hulipita haraka. Mnamo Juni 1928 mkutano wa serikali za kikoloni uliofanyika Mombasa uliamua kwamba lahaja ya Unguja, Kiunguja, iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka 1930. Sisi wa Kenya tumelalamika vya kutosha, na kwa haki, juu ya Kimvita na Kiamu kuwekwa kando na fasihi yao kubwa. Lakini katika miaka ile ile ambayo maafisa walikuwa wakisanifisha vitabu vya shule, Kiunguja kilikuwa kikisafiri kwa njia nyingine, bila amri ya serikali, katika sauti ya mwanamke asiyesoma shule. Ni vigumu kupima ni ipi kati ya njia hizo mbili iliyopendwa zaidi na wenyeji. Mimi sina shaka ni ipi waliyoilipia kwa hiari.

Siti alifariki Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo Shaaban Robert alimtembelea na kuzungumza naye, na kutokana na mazungumzo hayo akaandika wasifu wake, ambao ni miongoni mwa wasifu wa mwanzo wa mwanamke wa Kiafrika ulioandikwa kwa Kiswahili. Santuri nyingi zilivunjika au zikachakaa. Nyimbo zenyewe hazikupotea, kwa sababu zilikuwa na makao mengine. Fatuma binti Baraka, aliyejulikana zaidi kama Bi Kidude, alizipata kwa kumsikiliza Siti akiwa msichana, akaziimba katika harusi na ngoma za Unguja kwa miongo kadhaa kabla ulimwengu wa nje haujamjua, na aliendelea kuziimba karibu hadi kifo chake mwaka 2013.