William Siborne
William Siborne (1797 – 9 Januari 1849) alikuwa afisa wa jeshi la Uingereza, mchoraji wa ramani na mwandishi wa historia. Anajulikana hasa kwa modeli kubwa aliyoitengeneza ya Mapigano ya Waterloo.

Maisha
Alizaliwa Greenwich, karibu na London. Baba yake, Benjamin, alikuwa afisa katika kikosi cha 9 cha askari wa miguu, na William aliingia kikosi hichohicho mwaka 1813. Hakupigana Waterloo: alipofika Ufaransa mwaka 1815 Napoleon alikuwa ameshashindwa. Baadaye alihamishiwa Dublin, Eire, kuwa katibu msaidizi wa mkuu wa jeshi huko. Kufikia wakati huo alikuwa amechapisha kitabu kuhusu uchoraji wa ramani za ardhi, na ujuzi huo ndio uliomletea kazi iliyomfanya akumbukwe.

Modeli ya Waterloo
Mwaka 1830 Lord Hill, mkuu wa majeshi ya Uingereza, alimwagiza atengeneze modeli ya mapigano hayo yaliyotokea tarehe 18 Juni 1815 katika nchi ambayo leo ni Ubelgiji. Siborne alikaa miezi minane katika shamba la La Haye Sainte, katikati ya uwanja wenyewe, akipima vilima, mabonde, njia na kuta. Kazi haikuwa rahisi, kwa kuwa udongo mwingi wa sehemu ya kati ulikuwa umechotwa ili kujenga kilima cha ukumbusho chenye sanamu ya simba.

Ili kujua kila kikosi kilisimama wapi, aliwaandikia maafisa waliokuwa wamepigana na bado walikuwa hai. Aliwatumia ramani waweke alama penye vikosi vyao, akawauliza walimwona adui wapi mnamo saa 1 jioni, na hata mashamba yalikuwa na mazao gani. Alipata mamia ya majibu. Kabla yake hakuna aliyekuwa amekusanya ushahidi mwingi kiasi hicho kuhusu pigano moja, ingawa wengi walikuwa wakikumbuka mambo ya karibu miaka 20 iliyopita.

Mwaka 1833 serikali mpya ilikataa kuendelea kugharimia kazi hiyo. Siborne aliendelea kwa fedha zake na za mkopo, na gharama ikafika takriban pauni 3,000. Modeli ilikamilika mwaka 1838. Ina upana wa mita 5.6 hivi kwa 6, na sanamu za askari zaidi ya 70,000 za madini. Moshi wa bunduki na mizinga umeonyeshwa kwa pamba. Ilionyeshwa katika Egyptian Hall, London, na watu wapatao 100,000 walilipa kiingilio cha shilingi moja, lakini Siborne hakurudisha gharama zake.

Mgogoro
Modeli inaonyesha jioni, wakati Walinzi wa Napoleon waliposhambulia mara ya mwisho. Majeshi ya Prussia yalikuwa yameshafika, na Siborne aliyaweka kwa wingi ubavuni mwa Wafaransa. Jambo hilo halikumpendeza Duke wa Wellington, kamanda wa upande wa Uingereza, kwani lilionyesha kwamba ushindi ulitegemea sana Waprussia. Siborne hatimaye alikubali kubadilisha sehemu hiyo. Kama alifanya hivyo kwa kushinikizwa au kwa kushawishika, wanahistoria wanabishana hadi leo.

Miaka ya mwisho
Alitengeneza modeli ya pili, yenye kipimo kikubwa zaidi, kuhusu shambulio la wapandafarasi wa Uingereza mchana wa siku hiyohiyo. Mwaka 1844 alichapisha historia ya vita ya 1815 katika majuzuu mawili, akitumia barua alizokusanya. Wakati huo alikuwa akifanya kazi katika shule ya watoto wa askari huko Chelsea. Alizikwa katika makaburi ya Brompton.

Mwanawe, Herbert Taylor Siborne, alichapisha sehemu ya barua hizo mwaka 1891. Nyaraka zenyewe zimo katika Maktaba ya Uingereza. Modeli kubwa iko katika Makumbusho ya Kitaifa ya Jeshi, Chelsea, na ile ya pili iko Leeds.