Alishika mkia darasani, akaja kubeba Nobel ya fasihi

Ukimtaja Winston Churchill, wengi wanakumbuka sigara nene na Vita vya Pili vya Dunia. Lakini waziri mkuu huyu wa Uingereza aliwahi kuwa mwanafunzi aliyewatoa jasho walimu, na baadaye kalamu ndiyo iliyomlipia bili nyingi.

Alizaliwa Novemba 30, 1874. Baba yake, Lord Randolph, alikuwa mwanasiasa mwenye jina kubwa. Mama yake, Jennie, alikuwa Mmarekani.

Akiwa na miaka 7 tu alipelekwa shule ya bweni. Hakuipenda hata kidogo. Fimbo zilikuwa nje nje, na yeye alikuwa mbishi: somo lisilomwingia moyoni haligusi. Barua zake za nyumbani zilijaa ombi moja, wazazi waje kumwona. Mara nyingi hawakutokea.

Kilatini champiga chenga

Mwaka 1888 aliingia Harrow, akawekwa kundi la chini kabisa. Kilatini kilimshinda, Kigiriki ndiyo usiseme. Wenzake wakapanda, yeye akabaki.

Kumbe kubaki huko ndiko kulikomtengeneza. Wavulana walioonekana wazito kwa lugha hizo walikazaniwa Kiingereza. Mwalimu wao, Robert Somervell, alichukua sentensi ndefu na kuivunja vipande kwa wino wa rangi tofauti, kila kipande na kazi yake. Churchill alikaa na zoezi hilo muda mrefu kuliko wengi, hadi sentensi ikamkaa kichwani.

Barua ya baba

Mtihani wa chuo cha jeshi cha Sandhurst aliufeli mara mbili. Mwaka 1893 akapita jaribio la tatu, lakini alama zikatosha kikosi cha farasi tu. Badala ya pongezi, baba alimwandikia barua kali ya kumwona kijana asiye na mbele wala nyuma.

Januari 24, 1895, Lord Randolph alifariki akiwa na miaka 45. Winston alikuwa na 20, na hakuwa amemwonyesha chochote.

Mwaka uliofuata alipelekwa India na jeshi. Mchana wa joto la Bangalore, wenzake wakipumzika, yeye alisoma vitabu vya historia alivyomwomba mama yake amtumie. Safari hii hapakuwa na fimbo wala mtihani. Alisoma kwa saa nyingi, kisha akaanza kuandika.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1898. Mwaka 1899 gazeti la Morning Post lilimlipa pauni 250 kwa mwezi kuripoti vita vya Makaburu huko Afrika Kusini. Alitekwa, akatoroka, akaandika na hayo.

Mwaka 1907, akiwa naibu waziri wa makoloni, alishuka Mombasa na kupanda treni kuelekea Uganda. Kitabu cha safari hiyo kilitoka 1908, na kinatazama Afrika kwa macho ya mtawala, si ya mtawaliwa.

Mwaka 1953 yule mvulana wa kundi la chini alitunukiwa Nobel ya fasihi.

Alifariki akiwa na miaka 90, Januari 24, 1965. Ilikuwa tarehe ileile aliyokufa baba yake, miaka 70 kamili baadaye. Baba hakuwahi kusoma hata kitabu kimoja cha mwanawe.