Ohm Naye Aliitwa Nyumbani

Wadau, jina la Georg Simon Ohm tumelibeba tangu sekondari. Tunalitaja kila tukishika mita, ila maisha yake wengi wetu hatukuwahi kuambiwa. Mimi nilikutana naye mlimani, juu ya Moshi, nikiwa fildi mwaka wa pili. Nilikuwa na sapu mbili zinanisubiri chuoni, na baba alishanitumia ujumbe kwamba nikidisko nisitafute pa kwenda, nirudi kihambani nikapalilie migomba.

Kazi tuliyopewa ilionekana nyepesi. Kulikuwa na matangi manne ya maji mteremkoni na ofisi moja chini. Kila tangi lilifungwa modemu ya masafa mafupi, na ofisini ikawekwa modemu kuu. Jozi moja ya waya uliosokotwa ilitoka ofisini, ikapita tangi la kwanza, la pili, la tatu, ikaishia la nne. Modemu kuu inaita kwa namba, aliyeitwa anajibu, wengine wote wananyamaza. Wakiongea wawili kwa pamoja, hasikiki hata mmoja.

Tukawasha. Tangi la kwanza likajibu. La pili likajibu kwa kukatakata. La tatu na la nne, kimya. Siku tatu tulipanda na kushuka kwenye matope, tukakaza skrubu, tukabadilisha waya, wapi! Usiku wa tatu, badala ya kulala, nikaanza kusoma habari za huyu Ohm.

Alizaliwa mwaka 1789 mjini Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli ambaye hakusoma shule ya maana, lakini alijifundisha hesabu mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe. Mama alifariki Georg akiwa na miaka kumi. Mwaka 1805 kijana akaingia chuo kikuu cha mji wao na, jamani, akafanya yale yale tunayofanya sisi: kucheza dansi, kuteleza kwenye barafu, kupiga biliadi. Baada ya mihula mitatu baba alichoka kuona nafasi ambayo yeye hakuipata inachezewa. Akamtoa chuo. Georg akapelekwa Uswisi kufundisha hesabu shuleni, bado hajatimiza miaka 18.

Hapo nikaiweka simu chini kidogo, nikamfikiria baba yangu.

Huko Uswisi alisoma peke yake, akarudi Erlangen, na mwaka 1811 akapata udaktari. Lakini shahada haikumpa ulaji. Miaka mingi alikuwa mwalimu wa shule tu. Mwaka 1817 akapata kazi mjini Köln, kwenye shule iliyokuwa na maabara nzuri, na humo ndimo alimofanyia kazi yake kubwa. Alichukua nyaya nane za shaba zenye unene mmoja na urefu tofauti. Betri za wakati ule zilikuwa zinayumba, hivyo akatumia metali mbili zilizounganishwa, kiungo kimoja kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu, apate umeme uliotulia. Akapima waya mmoja baada ya mwingine. Akaona waya ukirefuka, mkondo unapungua, na unapungua kwa hesabu inayoeleweka.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1827. Alitegemea kimpatie kiti chuo kikuu, lakini wengi walikipokea kwa baridi. Aliacha kazi ya Köln, akaishi Berlin kwa vibarua vya kufundisha mpaka alipopata nafasi Nürnberg mwaka 1833.

Bado alikuwa Nürnberg mwaka 1848, mmisionari Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake, alipouona mlima wetu huu ukiwa na theluji. Rebmann naye alipoandika, kuna wasomi Uingereza waliobisha kwamba theluji haikai karibu na ikweta, wakati Wachagga walikuwa wanaiona kila asubuhi wakifungua mlango.

Kwa Ohm, heshima ilitoka London: mwaka 1841 alipewa Nishani ya Copley. Kiti cha profesa wa fizikia mjini München, ndoto yake ya ujana, alikipata mwaka 1852. Akafa mwaka 1854, hakuwa ameoa. Mwaka 1881 mkutano wa wataalamu wa umeme mjini Paris ukalipitisha jina lake kuwa kipimo cha ukinzani.

Sasa turudi kwenye matope. Kila modemu ilikuja na rezista ya ohm 120, na sisi tukazifunga zote tano. Tulijua rezista inazuia ishara isifike mwisho wa waya ikarudi kama mwangwi, tukadhani zikiwa nyingi ndiyo usalama zaidi. Kumbe zinatakiwa mbili tu, moja kila ncha. Mbili kwa sambamba ni ohm 60, mzigo ambao modemu inauweza. Tano ni ohm 24! Asubuhi nilimweleza mzee mlinzi wa matangi, naye akacheka. Akaniambia ni sawa na mfongo: wote wakifungua maji kwa pamoja, shamba la chini linakauka. Kanuni hiyo wazee wake waliishi nayo bila kusoma kitabu cha Ohm.

Nikapanda, nikang'oa rezista za tangi la kwanza, la pili na la tatu. Ofisi ikaita. Matangi yote manne yakajibu.

Jioni nilimpigia baba. Sikumwambia habari za dansi na biliadi. Nilimwambia matangi yanaongea, na kwamba mwezi wa tisa nakwenda kufanya sapu zangu mbili. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza nauli ya kurudi chuo ni shilingi ngapi.