Askofu Josiah Kibira na Kuzipima Roho

Marehemu Askofu Josiah Kibira alizaliwa Bukoba mwaka 1925. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ulifika Karagwe na Buhaya angali kijana, naye akaokoka ndani yake. Wengi waliungama dhambi na kupatana na jirani zao. Wengine, hata hivyo, walizithamini ndoto na maono yao kuliko Neno, na katika miaka ya 1950 wapo waliojitenga na Kanisa wakidai wameongozwa na Roho.

Mtu wa nje angewadharau kwa urahisi. Kwa Kibira walikuwa ndugu. Katika ushirika wa uamsho, aliyedai kufunuliwa jambo hakubaki nalo peke yake: alilileta nuruni mbele ya wenzake, likapimwa kwa Maandiko, kisha matunda yakangojewa. Je, deni limelipwa? Je, ugomvi wa nyumbani umekwisha?

Mwaka 1964 akawa Askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, iliyojumuisha Karagwe na Kyerwa ya leo hadi Dayosisi ya Karagwe ilipozaliwa mwaka 1979. Hakuuzima uamsho, wala hakuuachia utawale Kanisa. Mwaka 1977 alichaguliwa Rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza. Alifariki mwaka 1988.