Eric Shipton: Mkulima wa Turbo aliyejifunza kuihofu theluji mpya

MKAZI wa mtaa wa West Indies, Eldoret, anayesafiri kwenda Webuye hupita Turbo, eneo linalojulikana zaidi kwa mahindi. Ni wachache wanaofahamu kwamba huko aliwahi kuishi Eric Shipton, mmoja wa wapanda milima mashuhuri wa karne ya 20.

Shipton alizaliwa mwaka 1907 huko Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, akaja Kenya mwaka 1928 kufanya kazi ya kilimo. Januari 1929, yeye na Percy Wyn-Harris, afisa wa serikali ya kikoloni, walikuwa watu wa kwanza kufika Nelion, kilele cha pili kwa urefu cha Mlima Kenya.

Hata hivyo, Everest ndiyo iliyomfunza hatari ya theluji iliyotoka kuanguka. Mwaka 1935 aliongoza msafara huko. Wakishuka kutoka kambi ya juu, walikuta mteremko walioupanda siku chache kabla umeporomoka. Shipton aliamua kutoendelea na njia hiyo.

Mwaka uliofuata alirudi akiwa na Wyn-Harris. Siku hiyo theluji ilikuwa ngumu, ikikanyagika vizuri, na mteremko ulionekana salama. Ghafla tabaka zima alilosimama Shipton lilikatika na kuanza kuteleza kuelekea genge la barafu. Wyn-Harris aliruka nyuma, akaizungusha kamba kwenye shoka lake la barafu, na wote wakanusurika.

Kisa hicho kinaonyesha jinsi maporomoko yanavyotokea. Theluji mpya, hasa iliyorundikwa na upepo, huweza kufanya tabaka gumu lisiloshikamana na theluji ya chini. Katika mteremko wa nyuzi 30 hadi 45, uzito wa mtu mmoja unatosha kulikata. Ugumu wa juu, basi, si ushahidi wa usalama.

Mwaka 1951 Shipton aliongoza uchunguzi wa njia ya upande wa Nepal. Uongozi ulikabidhiwa John Hunt, na mwaka 1953 Edmund Hillary na Tenzing Norgay, ambaye Shipton alimwajiri kwa mara ya kwanza mwaka 1935, wakafika kileleni.

Shipton hakufika kilele hicho. Alifariki Uingereza mwaka 1977 kwa maradhi, akiwa na umri wa miaka 69. Mwenda pole hajikwai.